Salamu Iliyobaki Mushaki

Mume wangu Sebagabo aliangushwa na adabu. Watu wa Mushaki watakwambia aliangushwa na tope. Wifi yangu Mukankusi, ambaye mdomo wake haupumziki hata Jumapili, atakwambia aliangushwa na majivuno. Wasikudanganye. Mimi ndiye niliyemkanda magoti usiku ule, mimi ndiye niliyeisukuma ile baisikeli mpaka nyumbani na mimba yangu mbele, na mimi ndiye ninayejua.

Baisikeli hiyo, sisi huku tunaita kinga, aliitoa Walikale. Alikwenda huko akiwa kijana, wakati wa vita ya Wazungu, kuchimba bati. Wenzake walirudi na mablanketi na masanduku ya mbao. Yeye akarudi na kinga nyeusi yenye kengele, ameipanda mwenyewe, mgongo umenyooka kama wa padri anayeingia kanisani. Nilikuwa nateka maji. Sitasema uongo: mtungi ulijaa ukafurika na mimi sikuona.

Alikuwa anaiendesha vizuri. Shida ni kwamba alijifunzia msituni. Kwenye njia za kambi ya Walikale hakukuwa na ng'ombe, hakukuwa na soko, na zaidi ya yote hakukuwa na wakwe. Mtu alipita, akapiga kengele, basi. Kwetu huku milimani, kwa sisi wafugaji, mtu hapiti hivyo. Ukikutana na mkubwa wako unamnyooshea mikono miwili, unamshika kwenye viwiko, naye anakushika vya kwako, halafu unamwambia "Amashyo", yaani uwe na makundi ya ng'ombe. Yeye anakujibu "Amashyongore", makundi ya majike. Hapo ndipo salamu imekamilika na mnaweza kuanza kuulizana habari. Mkono mmoja ni wa kufukuzia kuku. Mtoto wa kwetu hufundishwa hayo kabla ya ishara ya msalaba, na Sebagabo alifundishwa na mama mkali.

Sasa, ilikuwa siku ya soko la Mushaki, mwaka haujapita tangu tuoane. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mume wangu anateremka kilima juu ya kinga yake, kengele inalia, watu wanampisha. Baba yangu Karangwa amesimama kando ya barabara na fimbo yake ndefu, amejifunga shuka nyeupe ya sikukuu, anazungumza na wanunuzi wa ng'ombe. Mimi nimekaa upande wa pili, nimekuja kuuza siagi. Macho yao yakakutana. Niliona uso wa mume wangu ukigeuka kuwa uso wa mkwe mwema. Niliona mikono yake miwili ikiachia usukani na kunyooka mbele. Nikasema, "Yesu wangu." Yeye akasema, "Amash..." Neno halikufika mwisho. Gurudumu la mbele lilienda lilikotaka, na lilitaka kwenda kwa baba.

Wakaanguka wote wawili, kijana juu ya mzee, kwenye tope lililochanganyika na mavi ya ng'ombe wa soko zima. Kama Sebagabo angemwinua mzee pale pale na kumwomba msamaha, tungecheka jioni ile ile. Lakini aliinuka, akaiona shuka nyeupe ilivyokuwa, akaiona midomo ya watu ikifunguka, akatimua mbio. Mtu mzima alikimbia mpaka juu ya kilima bila kugeuka. Akaniachia kinga mtaroni, siagi yangu, mimba yangu na baba yangu.

Baba ni mtu wa maneno machache, ndiyo maana akiyatoa hayarudi. Alisimama katikati ya soko, tope likimdondoka ndevuni, akaapa kwa ng'ombe zake mbele ya wote.

"Ile nyumba haitapata ndama yangu," alisema, "mpaka Sebagabo atapita mbele yangu hapa Mushaki, siku ya soko, juu ya ile kinga yake, bila kunigusa."

Asiyejua mila zetu atauliza, ndama mmoja ni kitu gani? Ngoja nieleze. Sebagabo alipotaka kunioa alitoa ng'ombe wa mahari. Ng'ombe huyo akishazaa, baba wa mke huchagua mtamba katika uzao wake na kumrudisha kwa binti na mkwe. Huyo ng'ombe wa kurudi ndiye anayesema: ndoa hii tumeikubali, mkwe huyu ni mtoto wetu. Bila yeye padri amewabariki, watoto mnazaa, lakini mwanamke unakaa kwa mumeo kama mgeni ambaye hajapewa kiti. Mukankusi yeye alipata wa kwake mapema sana. Alikuwa akipita mbele ya mlango wangu na maziwa yake kichwani, taratibu, taratibu, kana kwamba hakuna njia nyingine Masisi nzima.

Miaka ikapita hivyo. Mimba ile ikawa Evode, Evode akatembea, Evode akaanza kuchunga ndama, nao walikuwa ndama wa jirani. Kinga ikaegemezwa kwenye kona ya nyuma ya nyumba, na kuku mmoja mwekundu akaona kiti chake kinafaa kulalia. Sebagabo akawa anakwenda sokoni kwa miguu, kwa njia za juu, kati ya mashamba ya maharagwe. Akimwona baba kwa mbali, tumbo linamkata ghafla, inabidi aingie porini. Kwa mtu ambaye nilimwona kwa macho yangu akimshika fahali pembe na kumtuliza, ilikuwa ajabu.

Halafu ikaja Kwaresima moja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kamyo za mizigo zimeshakuwa nyingi kwenye barabara ya Sake. Tulipotoka misa, mama yangu Nyirabagenzi alinivuta kando.

"Verdiane," akaniambia, "bwana ya mudogo wako Libérata iko anaomba ng'ombe yake ya kurudi. Na kwetu mutamba iko mumoja tu, Gaju. Papa yako amesema kisha Pasaka atamupeleka kule."

"Gaju njo wangu, Mama! Ni mutoto wa ng'ombe ya mahari yangu."

"Najua. Na papa yako anajua. Lakini aliapa, na ile kichwa yake unaijua." Alitazama huku na huku, akapunguza sauti. "Kila siku ya soko anaenda kusimama pale pale. Unafikiri anauza nini pale? Hauzishe kitu. Anasimama tu."

Sikuyafikiri hayo maneno ya mwisho. Kichwani mwangu kulikuwa na Gaju tu, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji, akipita mbele ya watu kwenda kwa Libérata. Libérata nampenda, ni mdogo wangu, lakini kuna mambo ambayo mtu hamwachii hata pacha wake. Nilifika nyumbani nikamshika kuku mwekundu mabawa na kumtoa juu ya kiti cha kinga.

"Unafanya nini na ile kuku?" Sebagabo aliuliza.

"Ninamufukuza. Nyumba yake inataka kusafiri."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye kigoda, akaanza kupapasa magoti yake.

"Miye siwezi, Verdiane. Nikiangalia ile kinga tu, magoti inaniuma."

"Magoti ilipona zamani. Kile kinauma iko kitu ingine."

Aliendelea kuyapapasa. Halafu akasema polepole, akiwa anatazama chini: "Nikimupita bila kumusalimia, nitakuwa muntu wa namna gani? Na nikimusalimia, nitamuangukia tena. Papa yako aliniwekea mutego."

"Heshima si utumwa," nikamjibu kwa ukali. Alikuwa na haki. Baba alikuwa ameapa kwa hasira bila kuona kwamba kiapo chenyewe kinadai mkwe amvunjie heshima hadharani. Nilimtazama mume wangu, kifua chake kama mlango, amekaa pale anaogopa kukosa adabu kuliko anavyoogopa kuvunjika mguu, nikampenda sana. Nikazidi kukasirika.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Théogène katekista, mwenye pampu ya pekee kilimani kwetu, alitia viraka matairi akayajaza upepo. Mnyororo ulikuwa na kutu, tukaupaka siagi iliyochacha mpaka mbwa wakawa wanaufuata. Kisha tukaitoa kinga nje, kwenye malisho ya juu, mahali ambapo hakuna mtu wa kutucheka ila ng'ombe za watu.

Sebagabo aliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Akaigusa kengele. Akapanda, akabaki ameweka miguu yote miwili chini, na akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba ng'ombe walioinua vichwa kutuangalia wakarudi kula.

"Twende basi," nikasema. Nilikuwa nimeshika kiti kwa nyuma.

"Usiniachie."

"Sikuachie."

"Uko unaniachia!"

"Kama ningekuachia ungekuwa unaongea na majani."

Tulienda hivyo, yeye akikanyaga, mimi nikikimbia nyuma na kitenge kimekunjwa kwenye magoti. Shingo yake ilikuwa inatiririka jasho na asubuhi yenyewe ni ya baridi ya Masisi, ile ya kutoa moshi mdomoni. Kinga ilikwenda kulia, ikaenda kushoto, ikasimama. Tukaanza tena. Mwili wake ulikuwa unakumbuka. Kichwa ndicho kilichokuwa hakitaki. Siku moja nikagundua kwamba nimeshaachia kiti, na yeye yuko mbele kule anazunguka malisho, mgongo umeanza kunyooka kama zamani. Nilisimama kwenye majani nikimtazama, na nilikuwa nateka maji tena, mtungi umefurika.

Alipogeuka akaona siko nyuma, akapiga kelele akaingia kichakani. Lakini tayari tulikuwa tumeona kwamba inawezekana.

Kazi ngumu ilikuwa baba. Nilijifunga shuka, nikashika fimbo, nikasimama kando ya njia na kukohoa kama baba anavyokohoa. Sebagabo akaja vizuri, mwendo mzuri, macho mbele. Alipofika karibu yangu mikono yake ikaruka. Haikumwuliza ruhusa. Iliachia usukani ikanyooka, "Amash...", na yeye yuko chini. Tukarudia. Akaanguka tena. Nikamwambia: mimi si baba, mimi ni mke wako Verdiane, nina shuka tu. Akasema anajua. Akapanda, akaja, nikakohoa, mikono ikaruka. Safari moja alipokuwa ameshalala na uso umeingia kwenye majani, nilisikia anamalizia kutoka kule chini: "...yo."

Nilicheka mpaka nikakaa. Yeye hakucheka. Alikaa karibu yangu, akatoa majani masikioni.

"Unaona?" akasema. "Si miye. Ni mikono."

Basi nikarudi nyumbani nikaichukua kamba ya kukamulia. Ng'ombe mwenye mateke, kabla ya kumkamua unamfunga miguu ya nyuma kwa kamba hiyo, kitanzi laini cha kumzuia bila kumwumiza. Maziwa yakishatoka unamfungua. Kwetu mwanamke hakamui, na kamba hiyo hutundikwa mahali pake, ni ya wanaume. Sebagabo aliponiona nayo aliruka.

"Ile kamba mwanamuke haigusake!"

"Basi jifunge mwenyewe."

Alijaribu. Mkono wa kushoto aliufunga, wa kulia ukabaki hauna wa kuufunga. Akautazama, akanitazama, akaunyoosha kwangu. Nikamfunga vifundo vya mikono kwenye usukani, kwa ulegevu, vidole vikiwa huru kufikia freni, yaani breki. Akapita mbele yangu na shuka yangu na kikohozi changu. Mabega yake yaliruka, mikono ikakataliwa na kamba, na kinga ikaenda zake. Alipita! Kwa kusimama nilimdaka mimi, nikiwa nimekumbatia kinga na mtu pamoja. Kusimama peke yake akiwa amefungwa hatukujaribu. Hatukuona kwamba kutahitajika.

Soko la mwisho kabla ya Pasaka likafika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Juu ya kilima, pale barabara inapoanza kuteremka Mushaki, Sebagabo alinyoosha mikono nikamfunga.

"Verdiane, kama nikimuangukia tena?"

"Utamuinua."

"Na kama nikimupita?"

Nilimfuta tu uso kwa ncha ya kitenge, nikaisukuma kinga.

Siku hiyo dunia yote ilikuwa Mushaki. Kulikuwa na makabeji na maharagwe mpaka katikati ya barabara, mbuzi wamefungwa kwenye magurudumu ya kamyo, kundi la ng'ombe linashushwa Sake na mapembe yake yakipanga na kupangua barabara. Kamyo inayoendeshwa na sofere Edmond, iliyotoka upande wa Walikale, ilikuwa inapiga honi katikati ya watu na hakuna aliyeisikiliza. Nilikata njia ya mkato, mke wa mtu, mama wa watoto, nikikimbia na viatu mkononi, na nilifika chini nikiwa nahema, wakati Sebagabo anaingia sokoni.

Alikuwa ametoa macho kama yai. Midomo yake inacheza. Baadaye aliniambia alikuwa anaibembeleza kinga kama ng'ombe mwenye woga, "ho, ho, mama, ho". Akapita kati ya makabeji. Mbuzi akakatiza, akabonyeza freni, akayumba, hakuanguka. Ng'ombe wa Sake wakamzunguka pande zote, na hao hakuwaogopa hata kidogo, aliwasukuma kwa goti kama yuko nyumbani. Edmond akapiga honi nyuma yake, nikaona roho yake inataka kutoka kupitia masikio.

"Sebagabo!" Ilikuwa sauti ya Mukankusi, dada yake wa tumbo moja, kutoka kwenye maziwa yake. "Shika mikono yako!"

Watu wakacheka, wakageuka, na walipogeuka wakaona kinachokuja. Kwa sababu kando ya barabara, mahali pale pale, na fimbo yake na shuka nyeupe, alikuwa amesimama baba yangu Karangwa. Soko likanyamaza kutoka mbele kwenda nyuma.

Nilikuwa upande wa pili, nilipokuwa nimekaa siku ile ya kwanza. Niliona macho yao yakikutana. Niliona mabega ya mume wangu yakiruka, kamba ikikaza, vifundo vya mikono vikivutana nayo. Baba alikuwa wima hatingishiki. Sebagabo akainamisha kichwa, akapita. Alipita karibu kiasi kwamba upepo ulitikisa pindo la shuka, wala hakumgusa.

Kiapo kikawa kimeisha. Gaju alikuwa wetu. Nilingoja furaha ije, haikuja.

"Amemupita mukwe wake bila salamu," mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya chini, na neno likatembea kutoka kikapu hadi kikapu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nilimwona Sebagabo kwa nyuma tu, lakini miaka hiyo yote ya ndoa ilikuwa imenifundisha mgongo wake, na mgongo ule ulikuwa unalia. Kinga ikaendelea mpaka ikapita ubao wa mwisho wa soko. Mbele yake barabara ilikuwa wazi. Nikajua atafanya alichofanya siku ile: atakwenda na hatageuka. Na mimi nitapata ng'ombe wangu, na mume wangu na baba yangu watazikwa bila kusalimiana.

Akageuka. Alizunguka katikati ya barabara, polepole, mguu mmoja ukiburuza chini, akarudi. Sasa ilikuwa kupanda, na kinga ilikuja kwa shida, ikiandika barabara yote kulia na kushoto. Watu waliondoa vikapu vyao. Mikono imefungwa, na hapa chini hakukuwa na wa kumdaka. Nilikuwa ng'ambo, na kundi la ng'ombe lilikuwa kati yetu. Alipofika mbele ya baba alibonyeza freni, kinga ikasimama kabisa, na kitu kilichosimama kwenye magurudumu mawili kinajulikana kinakokwenda. Mguu alioushusha ukateleza topeni, kinga ikaanza kulala.

Baba aliitupa fimbo yake. Fimbo ile, ambayo hata mama haigusi, aliitupa kwenye tope, akaruka mbele, mzee yule, akalibana gurudumu la mbele kati ya magoti yake kama unavyombana ndama mkaidi, na kwa mikono miwili akaukamata usukani.

Kinga ikatulia. Walikuwa uso kwa uso, pumzi zao zinagongana. Baba akatazama chini, akaiona kamba.

"Nani alikufunga kama ng'ombe ya mateke?"

"Mutoto yako, Papa."

Baba aliinua macho akanitafuta kwenye umati. Nilijificha nyuma ya muuza makabeji.

"Inaonekana," akasema.

Akaanza kufungua fundo. Hakuwa na haraka. Alifungua kama inavyofunguliwa kamba baada ya kukamua, kwa vidole vya mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, kwanza kulia, halafu kushoto. Kamba akaiviringisha na kuitia kifuani.

"Kiapo iliisha wakati ulipita," akasema. "Gaju ni yenu. Sasa umerudia kufanya nini?"

"Nimerudia kumaliza, Papa. Ile siku sikumaliza."

Baba akaipapasa kamba kifuani. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka, na mimi sikuwahi kuona mdomo wa baba ukitetemeka hata tulipomzika bibi.

"Batu banasema nilikasirikia tope," akasema. "Tope inafuliwa. Ile siku, wakati ulinyoosha mikono, na miye nilinyoosha yangu. Tukaanguka, nikasimama, mikono yangu iko bado mbele. Nikaangalia: wewe unakimbia. Mikono yangu ikabaki hapa, mbele ya batu yote." Akavuta pumzi. "Kila siku ya soko ninakuya kuitafuta."

Nilikuwa nimelia mara nyingi kwa ajili ya ndama yule. Nililia kwa hasira, nililia kwa aibu ya Mukankusi. Pale ndipo nilipolia kwa ajili ya baba yangu, aliyesimama sokoni miaka yote hiyo hauzi kitu, na mimi bintiye nikidhani analinda kiapo.

Sebagabo alishuka. Kinga ilikuwa bado imebanwa kati ya magoti ya mzee, kwa hiyo ilibidi anyooke juu ya usukani wake. Akanyoosha mikono yote miwili, na kwenye vifundo kulikuwa na alama ya kamba. Baba akanyoosha yake. Wakashikana viwiko.

"Amashyo, Papa."

"Amashyongore, mwana wangu. Amashyongore."

Hawakuachiana. Edmond alipiga honi, ng'ombe wa Sake wakaanza kutembea, wanawake wakapiga vigelegele, na wao walikuwa bado wameshikana, kinga katikati yao kama mtoto aliyelala.

Tulimchukua Gaju alasiri ile ile. Sebagabo alitangulia akimwongoza kwa kamba ya kukamulia aliyorudishiwa na baba, mimi nyuma yake, na nyuma yetu baba anasukuma kinga. Tulimsihi aiache, alikataa; aliishika usukani kwa mikono miwili, na kila tulipofika penye mawe alikuwa anauliza kama inapiga mateke. Njia ya kwenda kwetu ni fupi ukipitia juu. Mimi nikasema tupitie chini, kwa mlango wa Mukankusi, na tulipofika pale nikamwomba Sebagabo asimame kidogo, kwa kuwa Gaju alikuwa amechoka.